KORONGO TAJI ANGANI: PICHA YA KWELI HUPATIKANAJE?

Korongo taji yumo katika bendera ya Uganda tangu tarehe 9 Oktoba 1962, amesimama kwa mguu mmoja na wa pili ameuinua, ishara ya nchi inayokwenda mbele. Yumo pia katika ngao ya taifa. Wako askari waliovaa nembo yenye ndege huyo kwa miaka mingi, na watoto wao waliomchora shuleni, ambao hawajapata kumwona akiruka.

Mahali pa kumtafuta si mbali na Mbarara. Mto Rwizi, ukiisha kuupita mji huo, hutiririkia katika mfuatano wa maziwa na vinamasi ambamo yamo maziwa ya Mburo na Nakivali. Huko, katika Wilaya ya Isingiro, ndiko yaliko makazi ya Nakivale na Oruchinga, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo Kiswahili husikika sana humo, hasa kwa watu waliotoka Kongo. Mwaka 2006 maziwa na vinamasi hivyo vya Mburo na Nakivali viliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mwaka 2012 shirika la IUCN lilimtia korongo taji katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zinajulikana: vinamasi anamotaga hukaushwa, mayai na makinda huchukuliwa, sumu huwekwa mashambani, nao wengine hugonga nyaya za umeme. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi na watoto wengi hastahili kulaumiwa ovyo kwa kukitamani kinamasi chenye rutuba. Ana njaa ya leo. Lakini kinamasi kikishakauka, ni nani atakayeshuhudia kwamba korongo walikuwamo? Hapo ndipo picha yenye tarehe na mahali inapokuwa na thamani kuliko pambo la ukutani.

Mwenye kutaka picha hiyo hana budi kwanza kumjua ndege. Ndege wakubwa wa majini ni wazito, nao hupenda kuruka wakielekea upepo utokako, kwa kuwa upepo wa mbele huwasaidia kunyanyuka. Basi mpiga picha husimama akiupa upepo mgongo, na jua likiwa nyuma yake pia kama inawezekana. Ndege akiinuka atakuja upande wake, uso ukiwa kwenye mwanga. Saa bora ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Adhuhuri jua hupiga kutoka juu, na upande wa chini wa mbawa huwa kiza kitupu.

Shingo humtambulisha ndege hata akiwa mbali. Korongo taji huruka ameinyoosha shingo mbele na miguu nyuma. Kulasitara huikunja shingo yake, na mwari hukirudisha kichwa mabegani. Yule kaloli wa majalalani, ingawa ni wa ukoo wa korongo wanaonyoosha shingo, yeye huikunja. Amewapotosha wengi walioandika jina lisilo lake chini ya picha.

Kamera yenyewe iwe na lenzi ndefu, ya milimita 300 au 400. Pazia lake lifunguke na kufungika kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au upesi zaidi, la sivyo ncha za mbawa zitatoka kama moshi. Mpiga picha humfuata ndege kwa lenzi kabla ya kubonyeza, hubonyeza huku akiendelea kumfuata, wala hasimamishi mikono ghafla. Askari aliyefundishwa shabaha ataielewa kanuni hii upesi. Ajabu ni kwamba Mfaransa Étienne-Jules Marey, mwaka 1882, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Alitaka kujua jinsi mbawa zinavyokwenda, jambo ambalo jicho la mtu haliwezi kulikamata. Mwari akiruka alikuwa miongoni mwa ndege aliowapiga picha.

Rangi nayo ina mitego. Yangeyange ni mweupe mno, na mwanga ukizidi kidogo manyoya yake hugeuka kuwa doa tupu; kwake mwanga hupunguzwa. Ndege mweusi mbele ya anga angavu huhitaji kuongezewa mwanga, asije akatoka kama kivuli. Mwenye simu tu asikate tamaa. Jua linapotua, kivuli cheusi cha kundi la korongo wakienda kulala mitini huweza kuwa picha nzuri sana.

Kumrushia ndege jiwe ili aruke ni jambo la aibu, na kulisogelea kiota ni vibaya zaidi, kwani mzazi akiondoka mayai hubaki wazi kwa adui. Tena lenzi ndefu huzua maswali. Makazi hayo yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo ruhusa huombwa kwanza, wala watu hawapigwi picha bila ridhaa yao. Mkimbizi anaweza kuwa na sababu nzito ya kutotaka sura yake ionekane.

Ikifika kazi ya kuhariri, picha ghafi huhifadhiwa kama ilivyotoka, na mabadiliko yote hufanywa katika nakala. Kunyoosha mstari wa maji uliopinda, kukata ukingo usiohitajika huku nafasi ikiachwa mbele ya mdomo wa ndege, kupunguza mwanga uliozidi: hayo yanakubalika. Rangi isikolezwe mno, maana taji lake la dhahabu hugeuka likafanana na karatasi ya harusi.

Yasiyokubalika ni kuongeza ndege wa tatu mahali walipokuwa wawili, au kumhamishia korongo wa Mburo kwenye maji ya Nakivali. Polisi wanaijua hatari hiyo. Picha ya mahali pa tukio ikishaguswa hivyo, wakili wa upande wa pili ataitupa, na zilizo safi zitashukiwa pamoja nayo. Vivyo hivyo, anayetetea kinamasi kwa picha moja ya uongo humpa mpinzani wake silaha.

Nyumbani kazi hii hugawanywa vizuri: mmoja apige picha, mwingine awahesabu ndege, na mtoto mwenye mwandiko safi aandike daftarini tarehe, saa, mahali, idadi ya wakubwa na idadi ya makinda. Siku ambayo hakuonekana hata mmoja nayo iandikwe.