Chambo cha Mla Majani

Samaki wala majani ni wale ambao sehemu kubwa ya chakula chao ni mwani, nyasi za baharini au mimea ya maziwani. Katika pwani ya Afrika Mashariki kundi hili lina tafi, kangaja, puju, mwatiko na pono wa aina kadhaa. Katika maziwa wamo perege. Kuwanasa kwa chambo ni kazi ngumu kuliko kumnasa changu au chewa. Kipande cha ngisi au cha dagaa humwita mla nyama, ambaye riziki yake ni ya kubahatisha na akichelewa kidogo mwenzake ameshaimeza. Mla majani hana haraka hiyo. Chakula chake kimetanda pande zote, hakikimbii, na kesho kitakuwepo. Chambo anachowekewa kinashindana na konde zima.

Kinywa chake nacho ni tatizo. Tafi ana mdomo mdogo wenye safu moja ya meno bapa yaliyosongamana, na hula kwa kumega kidogo kidogo. Akikuta ndoana, hudonoa chambo mpaka kikaisha na mshipi usitikisike. Pono hukwangua kwa mdomo unaofanana na wa kasuku, kisha husaga chakula kwa mifupa ya kooni, maana hana mfuko wa tumbo. Ndiyo sababu chombo cha jadi cha kuwavulia samaki hawa ni dema: kapu lililosukwa kwa fito, lenye matundu ya pembe sita na mlango unaosinyaa kuelekea ndani, likatulizwa kwa mawe na kulazwa juu ya nyasi za baharini. Samaki hahitaji kumeza kitu chochote kwa pupa, inatosha aingie. Anayenaswa zaidi ni tafi wa aina ya Siganus sutor, ambaye hupatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi tu. Faida nyingine ya dema ni kwamba mvuvi hamng'oi samaki kwenye ndoana kwa mkono mtupu: mapezi ya tafi yana miiba 24 yenye sumu, 13 mgongoni, 7 tumboni kuelekea mkiani na minne kwenye mapezi ya chini ya kifua. Mchomo wake hauui, lakini aliyewahi kuupata hausahau.

Chambo cha jadi cha dema ni mchanganyiko. Mvuvi hukusanya mwani wa miambani wakati maji yametoka, halafu huponda wanyama wadogo na kuuchanganya nao: tondo, yule konokono mweusi wa mikokoni, nungunungu wa baharini, au jongoo bahari. Kila kimoja kina gharama yake. Tondo mkubwa hula majani ya mikoko yaliyoanguka na hivyo hurudisha rutuba kwenye tope. Akiokotwa kila siku kwa ajili ya madema, kazi hiyo hupungua. Jongoo bahari ameshavunwa kupita kiasi kwa sababu ya soko la Asia, na kumponda awe chambo ni sawa na kutwanga fedha. Nungunungu wa baharini ni hadithi tofauti. Katika miamba ya Kenya iliyovuliwa sana, kikande na samaki wengine wanaomla wamepungua, naye amezidi hadi kufyeka nyasi za baharini katika baadhi ya maeneo. Kumtumia kama chambo hapo hakuna hasara kubwa, ila kumkusanya ni kazi ya kuchoma mikono. Juu ya hayo yote, chambo chenye nyama nyingi huwavuta pia samaki ambao mvuvi wa tafi hakuwakusudia.

Kwa hiyo swali la chambo mbadala ni swali la kikemia kabla halijawa la kiuvuvi. Harufu majini ni molekuli zilizoyeyuka, zikachukuliwa na mkondo hadi kwenye matundu ya pua ya samaki. Nyama iliyopondwa hutoa asidi amino nyingi kwa haraka. Jani zima hutoa kidogo sana, kwa kuwa seli zake zimefungwa ndani ya kuta za selulosi. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kuponda, kukausha nusu au kuchachusha: kuta zikipasuka, utomvu hutoka. Majaribio ya miaka ya 1980 yaliyofanywa kwa perege wa aina ya Coptodon zillii, mla mimea hodari, yalionyesha kwamba kinachomchochea kula si ubichi wa jani bali vitu vilivyo ndani yake, hasa asidi ya sitriki na baadhi ya asidi amino, zikiwemo glutamiki na aspatiki. Viambato hivyo havipo kwenye jani la aina moja tu. Ni vya kawaida katika vyakula vingi. Hivyo chambo mbadala kinaweza kutafutwa hata mbali na ziwa.

Baharini kuna kiambato kingine kinachotajwa sana, dimethilisulfoniopropionati, ambacho kwa kifupi huitwa DMSP. Mwani mwingi na vimea vidogo vielevyo majini hukitengeneza, na hutoka pale vinapotafunwa. Mwaka 2008 watafiti waliokitoa kidogo kidogo juu ya miamba ya Karibi waliona samaki wakikusanyika. Waliokusanyika walikuwa zaidi wala viumbe vielevyo, si wala nyasi, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwa tafi moja kwa moja. Yanachothibitisha ni kwamba harufu ya mmea uliojeruhiwa ni tangazo la chakula.

Si kila mwani unafaa. Mimea isiyo na miguu hujilinda kwa kemia. Mwani wa kahawia mzee hujaa viambato vichungu vya jamii ya tanini. Caulerpa ina sumu zake. Halimeda hujikaza kwa chokaa mpaka kuutafuna ni kama kutafuna chaki. Samaki wanazijua tofauti hizo vizuri kuliko vitabu, nao huchagua ncha changa na mwani mwembamba wa nyuzinyuzi. Hata jani la nyasi ya baharini huliwa mara nyingi likiwa limeota mwani mdogo juu yake, na huenda anayeonekana kula nyasi anafuata hicho kilichoota.

Jibu lililo karibu zaidi kwa pwani ya Tanzania liko mashambani, tena katika malalamiko ya wakulima. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Aina kuu ni mbili, spinosum na cottonii. Tangu mwanzo wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wamemlalamikia tafi anayekata ncha changa za mwani kwenye kamba. Mwizi huyo ametoa ushahidi bila kuulizwa: mwani wa shamba anaupenda. Nao hupatikana bila kuugusa mwamba, kwa sababu upepo na mawimbi hukata vipande vingi ambavyo hutupwa ufukweni, na mwani uliopauka kwa ugonjwa, ambao mnunuzi haupendi, hudondoka wenyewe.

Kuna masharti mawili. La kwanza ni mahali. Dema lenye mwani wa shamba likiwekwa kando ya shamba, samaki hana sababu ya kuingia kwenye kapu kutafuta kile kinachoning'inia nje. Chambo hicho kina nafasi nzuri zaidi mbali na mashamba, juu ya mchanga au nyasi chache. Sharti la pili ni zito. Mbegu inayolimwa si ya asili ya pwani hii, na huota upya kutokana na kipande tu. Cottonii ilipelekwa Hawaii katika miaka ya 1970, na baadaye ilitambaa juu ya matumbawe ya ghuba ya Kāneʻohe hadi ikalazimu kuondolewa kwa mikono na kwa mashine. Mvuvi anayebeba kipande kibichi kwenda kwenye mwamba usio na mashamba anabeba mbegu. Dawa ni rahisi: mwani ukaushwe kabisa juani au uchemshwe kwanza.

Kuuchemsha kunaleta faida ya ziada. Mwani huu hulimwa kwa ajili ya karajinani, kigandishi kinachotumika viwandani kwenye maziwa, vyakula vingine na dawa ya meno. Karajinani ya cottonii huganda kwa ugumu, hasa penye chumvi ya potasiamu, na ya spinosum huganda laini. Uji wa mwani ukipoa unaweza kushika ndani yake vitu ambavyo peke yake vingetawanyika majini kwa dakika chache: chicha la nazi, pumba, mchicha uliopondwa, utumbo wa samaki kidogo. Donge kama hilo hulegea polepole, na harufu hutoka kwa saa nyingi badala ya kumalizika kabla mvuvi hajafika nyumbani. Kuchemsha hupoteza sehemu ya harufu yenyewe, na ndiyo sababu ya kuongeza konzi ya mwani mkavu uliosagwa baada ya uji kupoa.

Wavuvi wa kwingineko wamefika kwenye majibu yao kwa njia zao. Nchini Japani, ndugu wa tafi anayeitwa aigo huvuliwa kwa ndoana ndogo zenye machicha ya sake, yaani mabaki ya mchele baada ya kutengeneza kileo hicho; ni chakula ambacho hakipo baharini hata kidogo, ila kimechacha na kinanukia. Huko New South Wales, Australia, samaki mla mwani aitwaye luderick huvuliwa kwa nyuzi za mwani wa kijani zilizozungushwa kwenye ndoana, na anayezikosa hutumia mkate. Katika misitu ya Amazon inayofurika, tambaqui hula matunda na mbegu zinazodondoka majini, na wavuvi hutumia mbegu za mpira kama chambo huku wakipiga maji kwa kifaa maalumu ili samaki asikie mdondoko wa tunda. Mfano huo wa mwisho unafundisha zaidi kuliko orodha ya viungo: chambo ni harufu, ni umbo, na pia ni namna chakula kinavyofika.

Maziwani hali ni tofauti kidogo. Sato, ambaye ni wa jamii ya perege, hula mwani mdogo usioonekana kwa macho, na tumbo lake lina asidi kali. Vipimo vilivyofanywa katika Ziwa George, Uganda, na kuchapishwa mwaka 1973 vilikuta pH inayoshuka hadi karibu 1.4, kiasi cha kuvunja kuta za mwani wa bluu-kijani ambao samaki wengi huutoa ukiwa mzima. Mtu hawezi kutundika mwani wa aina hiyo kwenye ndoana, kwa hiyo donge la unga au la ugali hutumika badala yake. Aidha sato si mshika dini wa majani. Katika Ziwa Victoria, alikopelekwa katika miaka ya 1950, ameonekana baadaye akila wadudu na wanyama wengine wadogo kwa wingi. Mnyoo unamnasa, na mvuvi wa ziwani hana haja kubwa ya kuhangaika.

Kujua kama chambo kipya kinafaa kunahitaji uvumilivu zaidi ya akili. Dema tupu nalo hunasa, kwa kuwa samaki huliona kama kivuli cha kujificha, na samaki wa kwanza akiingia huwavuta wenzake. Anayesifu chambo chake bila kuweka madema matupu pembeni hajapima kitu. Madema yawe ya ukubwa mmoja na matundu sawa, yalale kina kimoja kwa muda uleule, na chambo kizungushwe, ili dema lililokuwa na mwani leo liwe na tondo kesho na tupu keshokutwa. Vinginevyo mtu anapima mahali akidhani anapima chambo. Siku nazo zina hila. Bamvua na maji mafu hazifanani, kaskazi na kusi hazifanani, na Shelisheli imethibitika kwamba Siganus sutor hukusanyika kutaga karibu na mwezi mpevu. Anayejaribu chambo chake siku hizo ataamini amegundua muujiza. Kinachohesabiwa ni idadi na uzito wa kila aina kwa kila dema, pamoja na gharama ya chambo, maana chambo kinachozidisha samaki, lakini gharama yake ikazidi thamani ya samaki walioongezeka, ni hasara.

Kipimo cha mwisho hakisomwi kwenye mizani. Tafi, pono na kangaja ndio wanaofyeka mwani usiyafunike matumbawe, na katika madema mengi wanaoingia ni wadogo ambao hawajawahi kutaga. Chambo kizuri kitawaita nao. Majaribio yaliyofanywa Kenya yalionyesha kwamba dema likiachiwa mwanya mwembamba wa wima, wadogo na wembamba hutoka, wastani wa ukubwa wa waliobaki hupanda, na mapato ya mvuvi hayapungui. Kwa tafi wa pwani, basi, pa kuanzia ni hapa: mwani wa shamba uliookotwa ufukweni na kukaushwa, ukafungwa kwa uji wake wenyewe pamoja na chicha na nungunungu kidogo, ndani ya dema lenye mwanya huo.