Usitupe Karto Yake

Ikiwa unashuka kutoka Rubaya, Numbi ao Walikale kwenda kununua vitu Goma, Birere huwezi kuikosa. Ni ule mtaa wa maduka na nyumba za mbao zilizobanana karibu na mpaka wa Gisenyi, ambako chukudu, pikipiki na mama mwenye beseni ya ndizi wanagombania njia moja. Pale kuko kila kitu: sufuria, viatu, mashuka, telefone. Tena, zaidi sana Noeli inapokaribia, kuko visanamu vya pulastiki vya kuchezea: askari, mashujaa wa sinema, watu wa chuma wanaokunja mikono na magoti. Kila kimoja kinasimama ndani ya karto yake, nyuma ya dirisha la pulastiki, kimefungwa na vyuma vyembamba ili kisianguke.

Unalipa, unafika nyumbani, mtoto anapasua karto kwa dakika moja, na mama anaitumia kuwasha makala. Hapo ndipo tunataka kuzungumza nawe.

Siku hizi kuko vijana ambao hawapasui. Wanakusanya visanamu hivyo na kuviweka ndani ya karto kama vilivyotoka dukani. Wazazi wanashangaa: kitu cha kuchezea kisichochezewa, ni kitu gani hicho? Swali lao ni la haki.

Karto tupu iliyouzwa Noeli

Mwaka 1964 kampuni Hasbro ya Marekani ilitoa askari mdogo aitwaye G.I. Joe. Kusema kweli alikuwa pupe, mwenye nguo za kuvalishwa na kuvuliwa. Lakini waliogopa kwamba baba hatamnunulia mtoto mwanaume kitu kinachoitwa pupe, basi wakamtafutia jina lingine, kama vile kusema sanamu ya matendo. Jina hilo limebaki hata leo.

Kisha, 1977, sinema Star Wars ilitoka na watoto wote wakataka visanamu vyake. Kampuni Kenner haikuwa tayari kwa Noeli. Walifanya nini? Waliuza karto bila visanamu! Ndani mlikuwa cheti cha kutuma kwa posta, na visanamu 4 vya kwanza vikafika nyumbani mwa watoto mwaka uliofuata. Leo wanaokusanya vitu vya miaka ile wanalipa feza nyingi zaidi kwa kisanamu ambacho hakijatoka ndani ya karto yake kuliko kwa ndugu yake aliyechezewa. Pulastiki ni ile ile, rangi ni ile ile. Tofauti ni karto.

Mchimbaji hatahitaji maelezo marefu. Kumbuka miaka ya 2010, wakati magunia ya koltani na kasiteriti yalipoanza kufungwa na etikete yenye namba. Jiwe lilikuwa jiwe lile lile. Lakini gunia lisilo na etikete lilikosa mnunuzi wa haki, maana hakuna aliyeweza kusema limetoka shimo gani. Karto ndiyo etikete ya kisanamu. Inasema nani alikitengeneza, mwaka gani, na ni vitu gani vilikuwa pamoja nacho: kofia, bunduki ndogo, mfuko wa mgongoni. Kisanamu kikitoka, kofia inapotea wiki ile ile, na hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwa.

Si mambo ya wazungu peke yao

Nenda kwa Walega, upande wa Shabunda, Mwenga na Pangi, inchi ya zahabu na kasiteriti ambako wengi wenu mnafanya kazi. Katika chama chao cha Bwami, watu wa cheo cha juu, kindi, walikuwa na visanamu vidogo vya pembe ya tembo na vya mfupa. Havikupangwa mezani vitazamwe na kila mpita njia. Vilikaa ndani ya mfuko ao kikapu. Siku ya kumwingiza mtu katika cheo vilitolewa, vikapakwa mafuta, vikaonyeshwa kwa ngoma na mezali, kisha vikarudi mahali pao. Kila kimoja kilikuwa na jina na mezali yake. Vitu vingine vilikuwa vya kikundi kizima, na mtu mmoja alipewa kazi ya kuvilinda.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami. Mwalimu Daniel Biebuyck, aliyefanya uchunguzi kwa Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika majina na mezali nyingi, na kitabu chake Lega Culture kilitoka 1973. Lakini visanamu vingi vilikwisha kwenda. Leo viko ndani ya vioo vya majumba ya makumbusho Ulaya na Marekani. Vinang'aa sana, ndiyo. Lakini vingi vilifika kule bila kikapu, bila jina, bila mezali. Mtu anavitazama na kusema, "Kazi nzuri," basi. Mwenye kikapu angesema neno lingine kabisa.

Kwa hiyo, kama una kitu cha babu nyumbani, ama una askari wa pulastiki wa dola 5, shauri ni moja: kilinde pamoja na nyumba yake.

Amua kwanza

Kitu ni cha nani? Kama umekinunua kwa ajili ya mtoto wa miaka 5, kifungue. Usimwekee mtoto zawadi juu ya kabati aitazame mwaka mzima. Hiyo haiko zawadi, ni azabu. Lakini fungua kwa akili: kata skochi ya chini na wembe, vuta polepole, kunja karto iwe bapa, uiweke katikati ya vitabu. Mtoto anacheza, karto inabaki.

Tena usijidanganye juu ya feza. Vingi vinavyouzwa Birere ni kopi, na havitalipa masomo ya mtu. Kijana, kusanya kwa sababu unapenda, ama kwa sababu kitu kile kilitoka kwa mtu unayempenda.

Maadui wa Goma

Jua la Goma linadanganya. Mji uko karibu meta 1,500 juu, upepo wa ziwa unapoza ngozi, unasahau kwamba tuko karibu kabisa na ikweta. Ukiweka karto dirishani, rangi nyekundu inakwenda mbele ya zingine, na pulastiki ya dirisha inageuka njano kama jino la mvuta tumbako. Hakuna dawa ya kuirudisha. Weka mahali pa giza. Ukitaka kuonyesha wageni, toa, onyesha, rudisha, kama wale wazee wa kindi.

Vumbi letu jeusi ni jiwe la volkano lililosagwa. Linakata! Ukilipangusa kwa kitambaa kikavu unakwaruza pulastiki, na alama hazitoki. Puliza kwanza, kisha tumia brashi laini.

Unyevu ni adui mkubwa wa karto. Inavimba, inapinda, kole inaachia, vyuma vyembamba vinapata kutu. Wakati volkano inatoa moshi mwingi, mvua yenyewe inakuwa na asidi inayokula mabati, basi fikiri itafanya nini kwa karatasi inayoloweshwa na tundu la paa. Usiweke chini sakafuni, wala usigusishe ukuta. Tia mbao mbili chini, acha hewa ipite. Sanduku la chuma chini ya mabati si zuri sana: mchana linawaka, usiku linapoa, asubuhi unakuta matone ndani. Kama huna lingine, lizungushie blanketi, uweke ndani vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja katika karto za viatu. Wengi wanavitupa.

Sashe je? Sashe ngumu yenye kunuka kama kapeti mpya inatoa mvuke wenye asidi. Baada ya miaka inanata juu ya kitu. Chagua ile nyepesi isiyo na harufu, kama ya mkate, na usiifunge kabisa. (Lakini usivuke nayo Gisenyi: Rwanda ilikataza sashe tangu 2008.)

Naftalini tunaitia katika nguo, na mama mwenye bidii ataitia hapa pia kwa ajili ya mende. Asifanye hivyo. Mvuke wake unalainisha pulastiki za aina fulani, zinanata na kupinda. Kwa mende na panya, usafi na paka vinatosha. Usitengeneze karto iliyopasuka na skochi, maana kole yake inageuka njano na kuingia ndani ya karatasi. Lastiki nayo inakauka na kuuma karto. Na kama kisanamu kinawaka taa ao kusema, toa mapili, yaani mawe ya tochi, hata ikibidi kufungua mlango mdogo wa mgongo. Pili ikivuja, maji yake yanakula vyuma vya ndani, halafu inatoboa karto. Katika jambo hili ni afazali kuharibu kidogo leo.

Kwa safari ya pikipiki kutoka Goma kupita Sake hadi machimboni, tia karto ndani ya karto nyingine ngumu, jaza nguo pembeni isicheze, na ubebe imesimama, dirisha likitazama tumbo lako.

Siku ya kukimbia

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka ndani ya mji, ukapita katikati ya maduka, Birere nayo ikiwa ndani, ukafika ziwani. Katedrali ya Mtakatifu Yosefu ilikwisha. Mei 2021 lava ilisimama kaskazini, mbele ya kufika katikati ya mji, lakini tarehe 27 serikali iliamuru mitaa 10 iondoke, na watu wakaenda Sake na Gisenyi na kile ambacho mkono uliweza kushika. Ongeza moto wa jiko unaokula nyumba za mbao Birere mara kwa mara. Siku kama ile mtu anabeba mtoto, mgonjwa, papiye za shule. Hakuna anayebeba karto ya kisanamu, na ni vizuri hivyo.

Basi piga foto leo, mbele, nyuma, na chini penye namba, utume kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Halafu kata kikaratasi, andika: kilinunuliwa wapi, mwaka gani, na nani, kwa ajili ya nani. Kama ni kitu cha babu, uliza jina lake na mezali yake wakati babu yuko, uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa luga yake. Weka kikaratasi ndani ya sashe pamoja na kitu, usikibandike juu yake. Tumia kreyo, si biki, kwa maana wino ukiloana unaenea na hakuna atakayeweza kusoma.