Gari la Viraka: Namna ya Kusahihisha Matengenezo Mabaya ya Mwenye Gari Aliyetangulia



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza mambo ya mishahara, likizo na mikataba. Leo tutaeleza mambo ya spana na nati. Msidhani kwamba tumeiacha kazi ya chama. Wengi wetu hupanda nyuma ya gari kila alfajiri kwenda shambani au kiwandani, na jioni hurudishwa na gari hilo hilo. Breki za gari ni sehemu ya usalama kazini, sawa na kofia ngumu na glavu.

Huku kwetu pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma, na ng'ambo ya mto Ruvuma hadi Mtwara, magari mengi si mapya. Yamepita mikono mitatu, minne, hata mitano. Tena vita vilipoingia Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na Palma mwezi Machi 2021, watu walikimbia na mali nyingi ziliachwa. Gari likilala miaka katika jua na hewa ya chumvi, huoza. Sasa waliorudi wanayafufua magari ya namna hiyo, na anayenunua gari la zamani hurithi pia makosa ya kila aliyelishika kabla yake.

Hata matajiri wanaokusanya magari ya kale ya mbio wanaujua ugonjwa huu. Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, leo hutafutwa kwa fedha nyingi. Lakini mnunuzi akikwangua rangi, mara nyingi hukuta viraka vya bati na nyaya zilizofungwa ovyo. Tofauti ni kwamba la tajiri hukaa bandani, na letu hupakia watu.

YALIYOTUPATA

Wafanyakazi wa minazi wa tawi letu moja walichangishana, wakanunua Land Rover ya zamani yenye bodi wazi nyuma. Ni ya aina ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Ilipakwa rangi mpya ya kijani ikang'aa. Aliyeiuza alisema haina tatizo lolote.

Wiki ya pili ilikuwa inateremka kutoka Mueda kuja pwani, nyuma wamekaa watu kumi na mmoja na magunia ya muhogo mkavu. Dereva alikanyaga breki penye kona. Gari likavuta kulia kwa nguvu, likaacha barabara, likasimama kichakani. Mmoja alivunjika mkono, wengine walichubuka. Hakufa mtu, lakini siku ile tulihesabu wenzetu mara mbili.

Tukaita fundi mzee. Alilifungua gari siku tatu, akatuambia kwamba gari lile halikutengenezwa, lilinyamazishwa tu. Haya ndiyo aliyoyakuta, na hivi ndivyo tulivyoyasahihisha.

1. BREKI

Bomba la mafuta ya breki la gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limepondwa kwa nyundo na kukunjwa. Kwa nini mtu afanye hivyo? Katika magari mengi ya zamani mafuta ya breki yana njia moja tu. Yakivuja gurudumu moja, magurudumu yote manne hukosa breki. Basi fundi asiye na kipuri huliziba bomba la gurudumu linalovuja, na breki za matatu yaliyobaki hurudi. Gari linasimama na mwenyewe anafurahi. Lakini gurudumu la mbele kulia linashika na la kushoto halishiki, kwa hiyo gari lazima livute kulia. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu, ndivyo linavyozidi kukupeleka pembeni.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Ndani ya kopo la breki yalitiwa mafuta ya injini. Mafuta ya injini huzivimbisha raba za breki na kuzilainisha, mpaka zikanata au zikapasuka. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua tone la mafuta ya breki ulitie katika glasi ya maji. Mafuta halali ya breki ya gari kama hili huchanganyika na maji, bali ya injini huelea juu. Ukikuta yanaelea, haitoshi kuyamwaga na kutia mengine. Raba zote na mipira yote ya breki lazima ibadilishwe, na mabomba yasafishwe kwa spiriti, kisha kwa mafuta mapya ya breki. Tuliagiza raba Mtwara, tukaweka bomba jipya.

Halafu hewa hutolewa. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulegeza nati ndogo ya gurudumuni. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo, umalizie na lililo karibu. Kopo lisikauke wakati wa kazi hii. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Wala usitumie chupa iliyokaa wazi muda mrefu, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Penye mteremko mrefu breki hupata moto, maji yale huchemka, na pedali huzama mpaka chini.

Angalizo kwa mafundi: viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta kansa baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kifunge kitambaa hicho ukifukie mbali na watoto.

2. CHESISI

Bodi ya Land Rover ni ya alumini. Gari hili lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma kilikuwa adimu Uingereza, wakatumia alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, na hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika. Juu gari linapendeza, lakini chesisi chini ni ya chuma, na chumvi ya bahari inaila kutoka ndani. Tena alumini ikigusana na chuma penye chumvi, alumini yenyewe huliwa ikawa unga mweupe.

Chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya chesisi. Isiposhika, hapo hakuna chuma, kuna udongo wa kuzibia uliopakwa rangi. Kisha gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito kama ya mbao. Kwetu tulikuta sehemu tatu zimejazwa udongo wa kuzibia na magunia, juu yake lami.

Kiraka kinachochomelewa juu ya kutu hakidumu, kwa sababu kimeshikizwa penye uozo. Kata mpaka ufike chuma safi, uweke bati la unene ule ule. Matundu ya chini ya kutolea maji usiyazibe. Kabla ya kuchomelea ondoa waya za betri, na tangi la mafuta litolewe lipelekwe mbali. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mafundi wamekufa kwa kudharau jambo hili.

3. UMEME

Penye fyuzi tulikuta karatasi ya fedha ya sigara na kipande cha waya wa uzio. Kazi ya fyuzi ni kuungua mapema ili waya usiungue. Ukiweka kitu kisichoungua, utaungua waya, na baada ya waya gari. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta waya uliochubuka.

Magari ya Kiingereza ya wakati ule yana rangi za waya zenye maana. Nyeusi hurudi kwenye mwili wa gari. Kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Nyeupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa. Kijani ni ya ufunguo pia, lakini imepitia fyuzi. Zambarau ina umeme wakati wote kupitia fyuzi. Nyekundu ni ya taa ndogo, buluu ni ya taa kubwa. Mwenye gari wetu alitumia waya mmoja mwekundu kila mahali. Tuliung'oa wote, tukafuata rangi.

4. NATI NA BOLTI

Bolti ya inchi 5 kwa 16 ina upana wa milimita 7.94. Bolti ya magari ya Kijapani ya milimita 8 huonekana sawa kabisa. Lakini ile ya Kiingereza ya meno membamba ina meno 24 kwa inchi moja, na ile ya milimita ina kama 20. Ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili, kisha itakula meno. Usisukume bolti kwa spana kabla haijaingia kwa vidole.

Kwenye usukani, mahali pa pini inayozuia nati isifunguke, palikuwa na msumari uliokunjwa. Pini hiyo ni kitu cha bei ndogo sana. Ikikosekana na nati ikatoka, usukani utazunguka bure na gari litakwenda linakotaka.

5. REJETA

Thamostati ilikuwa imetupwa. Wengi husema kwamba Afrika ni joto, haitakiwi. Si kweli. Injini hutaka kufikia joto lake la kazi upesi na kubaki hapo. Ikikaa baridi hula mafuta mengi na huchakaa mapema. Kama injini inachemka, sababu mara nyingi ni rejeta iliyoziba. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, nayo hugandamana ndani. Tumieni maji ya mvua.

NANI WA KULAUMIWA?

Ni rahisi kumtukana fundi. Lakini mara nyingi fundi aliambiwa na mwenye gari: ziba tu, nataka litembee leo. Fedha ya kipuri haikutolewa. Rahisi ni ghali, na gharama ya kile kilichookolewa ililipwa na ndugu yetu aliyevunjika mkono.

Kwa hiyo, ndugu, tunashauri hivi. Anayenunua gari la zamani aanze na breki, usukani na chesisi. Injini baadaye, rangi mwisho. Kila lililotengenezwa liandikwe daftarini, pamoja na tarehe na jina la fundi, ili anayekuja baada yetu asirithi fumbo. Na kila kamati ya kazi itake gari la wafanyakazi likaguliwe kabla ya kupakia watu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejitoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa uhai wake uko hatarini hapo hapo, alindwe asiadhibiwe.

Land Rover ya tawi sasa inasimama sawasawa, haivuti kulia wala kushoto. Dereva wetu ana desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kupakia mtu, huiendesha hatua hamsini peke yake na kukanyaga breki mara tatu. Desturi hiyo haina gharama. Waombeni madereva wenu waifuate, na asiyeifuata msipande gari lake.