Simbilisi wa pwani alalie nini? Adui si baridi, ni unyevu

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika Msambweni kwa siku ya nne mfululizo, binti yangu alimpakata simbilisi wake kisha akaniita: “Baba, hebu njoo uone mguu wake.” Unyayo wa nyuma, ambao siku zote ni laini na wa waridi, ulikuwa mwekundu na umetuna. Katikati palikuwa na kigaga cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Nilishangaa, maana asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwagia maranda mapya kizimbani. Nilipofukua kwa vidole, juu palikuwa pakavu. Chini, karibu na sakafu, nikashika tope.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefuata mafunzo ya wafugaji wa Ulaya: tandiko liwe nene, mnyama ajifukie apate joto. Ni ushauri mwema kwa mtu ambaye dirisha lake lina theluji. Kwetu Kwale, pwani ya Kenya, joto ni la bure mwaka mzima, na hewa ya bahari imejaa maji. Tandiko nene hapa hugeuka sifongo. Kwa hiyo anayefuga simbilisi Diani, Ukunda au Msambweni asianze kwa kuuliza ni tandiko lipi laini zaidi. Aulize lipi linakauka.

Mgeni kutoka milimani

Jina la Kiingereza la mnyama huyu, guinea pig, humletea shaka bure. Hana nasaba na nguruwe, wala Guinea si kwao. Ni mnyama mgugunaji, wa kundi moja kubwa na panya na nungunungu, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wenyeji wa huko walianza kumfuga kwa kitoweo maelfu ya miaka iliyopita, na katika karne ya 16 meli zikamfikisha Ulaya, akawa mnyama wa kupendwa nyumbani.

Katika eneo letu wapo wanaomfuga kwa nyama, hasa nyanda za juu za Iringa na Njombe nchini Tanzania, na Kivu Kusini mashariki mwa Kongo. Huko mara nyingi huzurura sakafuni jikoni, akilalia mabaki ya nyasi alizotupiwa. Nyanda hizo zina baridi ya usiku, na moto wa kuni hukausha sakafu kila siku. Mteremshe mnyama huyo hadi usawa wa bahari, umweke kwenye kizimba kilichofunikwa pande zote, na mambo hubadilika.

Simbilisi hustarehe kwenye joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi. Likipita 28 huanza kuelemewa, kwa sababu hatoi jasho la kumpoza wala hajui kuhema kama mbwa. Diani wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 30. Ndiyo maana sehemu ya kizimba iachwe wazi, bila tandiko lolote, iwe kigae au saruji baridi. Siku ya jua kali utamkuta amejinyoosha hapo, tumbo chini, kama mzee aliyetandika mkeka barazani.

Kinachopikwa chini ya tandiko

Mkojo wa simbilisi, kama wetu, una yurea. Yurea yenyewe haina madhara makubwa. Lakini bakteria waliomo kwenye kinyesi na tandiko wana kimeng’enya kiitwacho yureasi, ambacho huivunja yurea kuwa amonia na kaboni dioksaidi. Kazi hiyo huhitaji maji na joto, na pwani vyote viwili vipo tele.

Amonia ndiyo harufu inayokuchoma macho unapofungua banda la kuku asubuhi. Sisi tunainusa tukiwa tumesimama, pua zetu ziko juu zaidi ya mita moja na nusu, hewani kunakopita upepo. Pua ya simbilisi iko sentimita chache tu kutoka kwenye mkojo, saa 24 kwa siku. Kwa binadamu kazini, kipimo kinachotumiwa sana kuwa mpaka wa usalama ni sehemu 25 za amonia katika kila milioni ya hewa, tena kwa zamu ya saa 8. Simbilisi hana zamu ya kutoka.

Amonia hulemaza vinyweleo vidogo sana vilivyo kwenye njia ya hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu visifike mapafuni. Vinyweleo vikilala, bakteria kama Bordetella bronchiseptica hupata mlango, na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua simbilisi haraka. Sungura anaweza kumbeba bakteria huyo bila kuugua. Hiyo ni sababu moja ya kutowaweka sungura na simbilisi kizimba kimoja, jambo ambalo wengi wetu hulifanya tukidhani tunaokoa nafasi.

Miguuni nako kuna mkasa wake. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Ngozi ikilowa kwa siku kadhaa hulainika, hupasuka, na bakteria aina ya Staphylococcus aureus huingia. Kwanza ni wekundu, kisha kigaga, kisha kidonda ambacho kikipuuzwa hufika mfupani. Sakafu ya waya huleta balaa hilo hilo, na mnyama mnene huumia zaidi kwa kuwa miguu hiyo midogo hubeba mzigo mkubwa.

Chakula nacho kina mkono wake katika kidonda hicho. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway walionyesha kwamba akikosa majani mabichi hupata kiseyeye. Bila vitamini hiyo kidonda hakifungi vizuri. Basi mchicha na pilipili hoho ni sehemu ya tiba ya mguu.

Maranda: muulize fundi ni mbao gani

Tandiko la bei nafuu zaidi hapa kwetu ni maranda kutoka kwa maseremala. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye karakana Ukunda.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Wataka maranda ya kuku?”

“Ya simbilisi.”

Akacheka, akanionyesha gunia kwa kidole cha mguu. “Yote ni mamoja. Chukua.”

Lakini si mamoja. Nilipotia mkono niliona rangi tatu: manjano hafifu, waridi na kahawia iliyokolea. Ya kwanza ilikuwa paini, ya pili saipresi yenye harufu ile inayojaa chumba, ya tatu mvule. Harufu nzuri ya mbao ni kemikali inayoruka hewani, na ini la mnyama ndilo hubeba kazi ya kuiondoa mwilini. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Elliot Vesell, aliripoti katika jarida la Science kwamba panya wa maabara waliolalia maranda ya miti laini yenye harufu walibadilika maini: vimeng’enya viliongezeka, na dawa ya usingizi ikawaishia mwilini mapema kuliko kawaida. Mti unaolaumiwa zaidi huko Marekani kwa jina la mwerezi, kwa kweli ni ndugu wa karibu wa mtarakwa wetu wa milimani. Basi maranda ya mtarakwa, na ya saipresi pia, yaache, hata yakinukia kama uvumba.

Mvule nao una lake. Vumbi lake linajulikana kuwasha ngozi na kuchochea pumu kwa mafundi wenyewe. Maranda ya plaiwudi na mbao za kubandikwa yana gundi. Na mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, yanaweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Hayo yasiingie kizimbani kabisa.

Kilichobaki kwa wengi wetu ni paini. Omba maranda yaliyokunjamana kama maganda ya kitunguu, siyo unga wa msumeno. Yaanike juu ya turubai siku mbili za jua, ukiyageuza, mpaka harufu ififie. Yapitishe kwenye chekecheke vumbi lianguke. Kisha yatie tabaka la vidole viwili tu, na juu yake nyasi kavu ambazo mnyama atazilalia na kuzila. Kuanika hakufikii ukaushaji wa tanuri la viwandani, lakini kunapunguza mengi.

Makumbi, makapi na mchanga

Kwale haikosi mnazi, na wazo la kwanza la mtu ni makumbi. Unga wa makumbi hupendwa na wenye vitalu vya miche kwa sababu moja: hushika maji na kuyakalia. Sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake kizimbani, kwa sababu huficha unyevu, na kuvu huota kabla hujaiona. Usumba mrefu wa kusokotea kamba ni mbaya zaidi. Nyuzi zake hujizungusha kwenye vidole na kukata damu isipite. Tena usumba uliofukiwa kwenye tope la ufukweni huwa na chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani.

Kwa sababu hiyo hiyo, mchanga wa ufukweni haufai, wala majani ya bahari yanayotupwa na mawimbi. Makuti makavu yana makali, na ni makao ya tandu na nge. Makapi ya mpunga ni makavu na mepesi, lakini hayafyonzi mkojo, na ncha zake huchoma macho. Majivu na chokaa, ambavyo baadhi ya wafugaji wa kuku hunyunyiza kukausha banda, vikilowa huunguza ngozi. Kwa nyayo zisizo na manyoya, ni hatari.

Sakafu ya udongo nayo iepukwe. Mayai ya funza huanguliwa kwenye vumbi kavu, na funza hawabagui: huwaingia mbwa, paka na panya kama wanavyotuingia sisi. Funza naye ni mgeni kutoka Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli, na kabla ya karne kwisha alikuwa amevuka bara hadi pwani yetu. Inua kizimba juu ya mawe au meza, na miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji ili kuwazuia siafu.

Kitambaa na hesabu ya mitungi

Kwa mguu wenye kidonda, kitambaa hushinda vyote. Mpango wake ni tabaka tatu: chini nailoni ngumu, katikati taulo kuukuu mbili za kufyonza, juu blanketi jepesi la flisi, linalopatikana kwa wauzaji wa mitumba. Nyuzi za flisi ni za plastiki, hazinywi maji. Mkojo hupita katikati yake ukafyonzwa na taulo, na juu pakabaki pakavu. Blanketi jipya kwanza lifuliwe mara mbili au tatu, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzuia maji kupita. Leso haifai kwa kazi hii. Pamba hunywa maji na kubaki nayo, na pindo likichanika nyuzi hufunga vidole.

Lakini fanya hesabu ya maji kwanza. Kwangu kufua seti moja hula mitungi miwili ya lita 20, na nafua kila siku ya tatu. Anayenunua maji kwa mkokoteni atauona mzigo huo. Anayechota kisima cha maji ya chumvi ataona sabuni ikikataa kutoa povu na kitambaa kikikakamaa. Wakati wa kaskazi nguo hukauka kabla ya adhuhuri na seti mbili zatosha. Mwezi wa Mei utahitaji tatu au nne. Usipoziweza, maranda membamba yanayobadilishwa mara mbili kwa wiki ni bora kuliko flisi ambayo haijakauka.

Pima kwa goti na kwa pua

Vipo vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza ni goti: piga goti juu ya tandiko, hesabu hadi kumi. Likilowa, nyayo za mnyama zimelowa tangu jana. Cha pili ni pua: asubuhi, kabla ya kufungua madirisha, inama hadi uso wako ufike kimo cha mnyama, uvute pumzi. Macho yakiwasha, umechelewa.

Simbilisi mmoja huangusha vipande zaidi ya 100 vya kinyesi kwa siku, basi kona anayoipenda kujisaidia isafishwe kila siku. Ukoko mweupe wa mkojo ni kalisi, huyeyuka kwa siki. Siki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung’arisha nguo, na wala usimwage klorini juu ya mkojo. Kote kuwili hutoka gesi inayochoma mapafu, yako na yake. Mtoto mwenye pumu asiwe yeye wa kukung’uta maranda, na mnyama anayenyonyoka manyoya kwa mabaka ashikwe kwa glavu, kwa kuwa choa huambukiza watu.

Nasi tulimpeleka simbilisi wetu kwa daktari wa mifugo. Alisafisha kidonda, akatupa dawa, akauliza analalia nini. Wiki ya tatu kigaga kilibanduka. Tangu hapo binti yangu, kabla ya kwenda shule, hupiga goti kizimbani na kuhesabu kwa sauti hadi kumi. Akiinuka huangalia sare yake. Kukiwa na doa, chai husubiri.