Msumeno wa mnyororo ukipoteza nguvu: chunguza mafuta kabla ya kugusa kabureta

Huko Masese, pembezoni mwa Jinja, injini ndogo za mipigo miwili hufanya kazi majini na nchi kavu. Moja husukuma mtumbwi wa mvuvi katika Ziwa Victoria. Nyingine huzungusha msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso. Zote mbili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ufanano huo huweza kumponza mpasuaji mbao.

Oili ya injini ya mtumbwi hutengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa na maji. Msumeno hupozwa na hewa tu, joto la silinda yake ni kali zaidi, na oili hiyo haikuandaliwa kulihimili. Oili ya bodaboda nayo haifai: haikukusudiwa kuungua pamoja na petroli, hivyo huacha masizi kwenye plagi na katika tundu la kutolea moshi. Misumeno mingi ya kisasa huhitaji oili maalumu ya mipigo miwili kwa kiwango cha 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Kijitabu cha mashine kikitaja kiwango kingine, hicho ndicho kifuatwe. Kupima kwa kizibo cha chupa ni kubahatisha, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usitumiwe.

Kabla ya kuilaumu injini, tazama kinachotoka kwenye gogo. Meno makali hutoa vipande. Meno butu hutoa unga, na mkataji hulazimika kuukandamiza msumeno hadi injini ielemewe. Mara nyingi tiba ni tupa ya duara yenye kipimo kinachofaa, si fundi. Zima injini na uchomoe waya wa plagi kabla ya kunoa.

Kama mnyororo ni mkali, safisha chujio la hewa, kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Nyeusi yenye unyevu huonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeupe huonyesha kwamba petroli haitoshi na injini inachemka.

Kabureta huja mwisho, na hapa mwinuko wa ardhi una neno. Masese iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mpasuaji akipanda kutoka huko kupitia Mbale hadi vijiji vya Mlima Elgon vilivyo karibu mita 2,000, hewa huwa nyepesi kwa takriban moja ya kumi. Msumeno hutoa moshi mwingi na kulegea, kwa kuwa petroli imezidi hewa. Naye hukaza kidogo skrubu yenye herufi H ili kupunguza petroli, na kazi huendelea vyema.

Hatari hujitokeza anaporudi ziwani bila kuilegeza tena. Injini yenye njaa ya petroli haionekani kuwa mgonjwa mwanzoni. Hulia kwa sauti nyembamba na kasi kubwa, na mwenyewe hudhani imepata nguvu mpya. Lakini oili husafiri ndani ya petroli, hivyo petroli ikipungua, ulainishaji nao hupungua. Pistoni hukwaruza silinda, kisha hukwama, na kuvibadilisha viwili hivyo ni gharama kubwa kwa mtu anayelipwa kwa ubao. Afadhali kuhesabu mizunguko ya skrubu kabla ya kuigusa na kuiandika mahali.

Ikiwa injini hupanda na kushuka yenyewe hata baada ya marekebisho hayo, huenda hewa inapenya kupitia sili au mpira uliopasuka. Hilo halitibiwi kwa skrubu, apelekewe fundi. Na mnyororo ukizunguka wakati injini imeachwa bila kupewa mafuta, usikate chochote hadi kasi hiyo ipunguzwe.