Mabingwa wa Wimbo na Kalamu katika Nchi ya Ziwa

Hakuna taifa duniani lisilowaheshimu watu wake wenye kipawa cha kupamba maneno. Katika China ya kale, chini ya wafalme wa ukoo wa Tang, waliotawala tangu mwaka 618 hata 907, kijana aliyetaka kazi kubwa ya serikali aliweza kuipata kwa kufanya mtihani, na mojawapo ya mambo aliyopimwa ni kutunga mashairi. Zamani hizo waliishi Li Bai na Du Fu, malenga wawili waliokuwa marafiki. Wamekufa yapata miaka 1,250 iliyopita, walakini watoto wa China wangali wakiyasoma mashairi yao shuleni, kwa kuwa yaliandikwa.

Pande za Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria nako walikuwako mabingwa, wala hawakuwa wachache. Lakini wengi wao hawakutumia karatasi wala wino. Kazi yao waliiweka katika vinywa na masikio ya watu.

Wasukuma humwita mtunzi wa nyimbo ningi, nao wakiwa wengi huitwa baningi. Ningi si mwimbaji tu. Yeye hutunga maneno, hutafuta sauti ya kuyaimbia, huwafundisha wachezaji wake, kisha huwaongoza uwanjani mbele ya watu. Yampasa kuzijua habari za watemi wa kale, mithali na mafumbo, na pia mambo yaliyotukia mwaka ule ule. Humsifu mkulima hodari, humcheka mvivu, humwonya mkubwa aliyepotoka. Neno ambalo mtu mwingine angeogopa kulisema barazani, ningi huweza kuliimba hadharani, na watu wakacheka huku wakilifikiri.

Katika karne ya 19 waliishi mafundi wawili wa ngoma waliokuwa pia waganga, mmoja jina lake Gumha, na wa pili Ngika. Wazee husimulia kwamba kila mmoja alijigamba kuwa dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenziwe. Shauri likakatwa kwa ngoma: wote wawili wacheze kwa wakati mmoja, na yule atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika. Hata leo vyama vya ngoma katika Usukuma vyajihesabu kuwa vya upande mmoja au wa pili.

Mashindano hufanywa baada ya mavuno, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, wakati ghala zimejaa na majembe yamepumzika. Makundi mawili husimama katika uwanja mmoja, yakaanza kupiga ngoma na kuimba kwa pamoja. Watazamaji wako huru. Wakichoshwa na huku, hukimbilia kule. Wakisikia wimbo mtamu kule, hawarudi tena. Kwa hiyo mwamuzi ni umati wenyewe. Ndiyo sababu kila kundi hutafuta jambo la kuwashangaza watu. Wachezaji wa Bugobogobo huyarusha majembe yao juu na kuyadaka kwa kufuata mdundo wa ngoma. Bayeye hucheza na nyoka, nao ni waganga wa kutibu walioumwa na nyoka. Katika wigashe waimbaji huketi, na sifa yao yote imo katika maneno na sauti.

Lakini sanaa hii ina hatari moja. Wimbo usioandikwa huishi maadamu yuko mtu anayeukumbuka. Ningi akifa, na wanafunzi wake wakatawanyika, nyimbo zake hufifia kama nyayo mchangani. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1950, Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha huko Bujora, karibu na Mwanza, nyumba ya kutunzia ngoma, viti vya watemi na vyombo vingine vya Wasukuma.

Yuko na mtu mwingine wa nchi ya ziwa aliyeiona hatari hiyo mapema, akaikabili kwa kalamu. Naye ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kuidharau lugha ya kwao. Kitereza hakufanya hivyo. Aliona kwamba mila za wazee zaondoka pamoja na wazee wenyewe, akaanza kuandika hadithi ndefu kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945.

Hadithi hiyo ni ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Wanapendana, lakini hawana mtoto, na ndugu wa mume wanamdharau mke hata wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere hakubali kuoa mwingine. Anawafuata wakwe zake kwa unyenyekevu, anatozwa pombe ya ndizi, anampata mkewe tena, na baada ya matibabu wanajaliwa watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani ya habari hizo msomaji anafundishwa jinsi watu walivyolima, walivyovua samaki, walivyopokea wageni na walivyozika wafu wao.

Kitabu kilikuwa tayari, lakini hakikupata mpiga chapa, kwa kuwa wasomao Kikerewe ni wachache. Miaka ikapita. Katika uzee wake Kitereza akashika tena kalamu, akakifasiri kitabu chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa katika vitabu viwili, yapata miaka 35 baada ya kuandikwa. Lakini mwaka 1981, kabla vitabu hivyo havijamfikia, mzee Kitereza alifariki dunia. Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Ningi hupata malipo yake siku ile ile, anapouona umati ukimkimbilia. Kitereza hakuuona umati wake, maana ulikuja nyuma yake. Nchi yawahitaji wote wawili, kwani mmoja huuchangamsha moyo wa walio hai, na wa pili huwawekea akiba watakaozaliwa.

Maswali

1. Ningi ni nani, na kazi zake ni zipi?
2. Mshindi wa ngoma za Bagalu na Bagika hujulikanaje?
3. Kwa nini Kitereza alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili?
4. Mwulize mzee wa kwenu wimbo mmoja wa zamani, uuandike katika daftari lako pamoja na maana yake.