Mhudumu wa Ndege na Pombe ya Jana

Mhudumu wa ndege aliyelewa kazini huvunja sheria ileile anayoivunja rubani aliyelewa. Kanuni za kimataifa zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, ambazo Kenya na Tanzania pia zinawajibika kuzifuata, humkataza mtu yeyote mwenye kazi inayogusa usalama wa ndege kuifanya akiwa chini ya athari ya kilevi. Abiria wengi humwona mhudumu kama mtu wa chai, juisi na mito ya kulalia. Sheria humwona kama mtu wa mlangoni.

Ndege yenye viti zaidi ya 44 hupata kibali ikithibitika kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kazi ya wahudumu ya kuwatoa watu ilionekana wazi Januari 2, 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, pale Airbus A350 ya Japan Airlines ilipogongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Mitambo ya matangazo ilikuwa imekufa, hivyo wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Kabla ya kufungua mlango, mhudumu sharti achungulie dirishani aone kama nje kuna moto. Mlango ukifunguliwa upande usiofaa, moshi na ndimi za moto huingia ndani. Kati ya milango minane, mitatu tu ndiyo ilifaa. Watu wote 379 waliokuwa kwenye Airbus hiyo walitoka hai. Uamuzi wa namna hiyo, wa kufungua au kutofungua, ndio unaotangulia kuharibiwa na pombe, mapema kabla miguu haijaanza kupepesuka.

Viwango vinatofautiana. Uingereza, kwa sheria ya 2003, kikomo cha marubani na wahudumu ni miligramu 20 za pombe katika mililita 100 za damu, robo ya kile anachoruhusiwa dereva wa gari nchini England, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka miwili. Marekani kikomo ni 40. India hairuhusu hata chembe. Pamoja na vipimo hivyo huwekwa muda wa kujizuia: Marekani na Ulaya ni saa nane, India kumi na mbili.

Hapo kwenye muda ndipo wengi wanaponaswa. Mwili huondoa wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa, wala hauharakishwi. Supu ya asubuhi, kahawa chungu na maji ya baridi humwamsha mlevi tu. Pombe iliyomo damuni haisikii habari hizo. Na anayezimua huongeza deni. Mtu aliyeweka glasi chini saa sita usiku akiwa na miligramu 180, akiripoti kazini saa mbili asubuhi ametimiza muda wa saa nane barabara, lakini bado ana miligramu 60 hivi, mara tatu ya kikomo cha Uingereza.

Norway ilishuhudia hesabu hiyo Agosti 2015. Polisi walidokezwa, wakawapima wahudumu na marubani wa ndege ya airBaltic iliyokuwa iondoke Oslo kwenda kisiwa cha Crete na abiria 109. Rubani, msaidizi wake na wahudumu wawili walikutwa na pombe iliyozidi kiwango. Usiku walikuwa wamekunywa wiski na bia hotelini. Wahudumu hao wawili walifungwa, mmoja siku 45 na mwingine 60, na rubani msaidizi akapewa miezi sita.

Kunywa angani kwenyewe ni kugumu zaidi kuficha, ingawa vinywaji viko karibu. Vitoroli vya vileo hufungwa kwa lakiri zenye namba, na vichupa vyake huhesabiwa. Aliyelewa naye ni vigumu kufichika. Agosti 2019, katika safari fupi kutoka Chicago kwenda South Bend, abiria walisimulia kwamba mhudumu alikuwa akikokota maneno ya tangazo la usalama na kuwagonga watu njiani. Kipimo kilionyesha miligramu 204. Ndege ilikuwa ya viti 50, ambayo Marekani huiruhusu kuruka na mhudumu mmoja tu. Hapakuwa na mwenzake wa kushika nafasi.

Upimaji wa kushtukiza umezidi kuwa wa kawaida. Ulaya, tangu 2021, wakaguzi wanaoikagua ndege uwanjani huweza pia kuwapima pumzi waliomo kazini. Hatua hiyo ilitokana na ajali ya ndege ya shirika la Germanwings ya 2015, ambayo, ajabu yake, haikuhusu pombe kabisa bali afya ya akili ya rubani msaidizi. Uchunguzi wake ndio uliofungua mjadala mzima wa hali ya anayekabidhiwa ndege.

Marekani kuna pia FADAP, mpango unaofadhiliwa na mamlaka ya anga, ambao hufundisha wahudumu kuwasaidia wahudumu wenzao waliozidiwa na pombe au dawa za kulevya. Mwenye tatizo huweza kumpigia mwenzake kwa siri na kuelekezwa kwenye tiba. Njia hiyo hufaa kabla ya kipimo. Kifaa kikishasoma, shauri huwa la mamlaka na mwajiri.